Kinasaba cha Magoleni

Nchi ya Neemani haimo katika ramani yoyote. Wachora ramani walifika mpakani wakaambiwa wasubiri kibali, na tangu hapo wanasubiri. Wamejenga vibanda, wameoa, wamezaa. Kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta, wala asimtupie jirani yake jicho la pembeni. Ni nchi ya mbali sana, na watu wake hawafanani nasi hata kidogo.

Huko Neemani kulikuwa na mji mdogo uitwao Magoleni, wenye kiwanda kimoja na kituo cha afya kimoja. Kiwanda kiliyeyusha betri za magari zilizokufa ili kupata madini ya risasi yaliyomo ndani yake. Kilikuwa mali ya Bwana Sururu Mapande, shemeji yake Waziri wa Afya, mtu mpole wa sauti ya chini, aliyependa kusema kwamba moshi wa kiwanda chake ni bendera ya pili ya taifa. Kituo cha afya kilikuwa mali ya Serikali, kwa hiyo hakikuwa cha mtu.

Daktari wa kituo hicho aliitwa Siwema Lukindo. Alikuwa mwanamke asiyependa maneno mengi, na mkono wake ulikuwa mwepesi kwa sindano, hata watoto walilia kabla ya kuchomwa na si baada. Lakini siku hizo walikuwa wakimjia watoto ambao hawakulia kabisa. Walishika matumbo yao wakatazama ukutani. Wengine walianguka degedege bila homa. Wengine walikuwa wameanza kusema, kisha wakaacha, kama watu waliobadili mawazo.

Mmoja wao alikuwa Kidani, binti wa mwanamke aliyekaanga mihogo kwenye kivuli cha ukuta wa kiwanda. Mwaka uliotangulia Kidani alikuwa akiwaimbia wateja wa mama yake mpaka wakasahau kudai chenji. Sasa aliwatazama kama anayejaribu kukumbuka aliwahi kuwaona wapi.

"Daktari, mwanangu ananiponyoka," alisema Mama Kidani. "Yupo hapa nimempakata, lakini anakwenda zake."

Siwema aliiomba wizara ije kupima moshi. Wizara ikaleta mabango ya kuwahimiza kina mama wanawe mikono. Bomba la Magoleni lilikuwa limekauka siku nyingi, kwa hiyo mabango yakatumika kuezekea mabanda ya kuku, na lazima tukubali kwamba yalizuia mvua vizuri.

Ndipo Serikali ikagundua sayansi.

Waziri wa Afya, Mheshimiwa Daktari Badi Mkumbukwa, alirudi safarini akiwa amesikia neno jipya. Udaktari wake ulikuwa wa heshima, yaani hakuwahi kumuudhi mgonjwa yeyote. Alitangaza kwamba Chuo Kikuu cha Taifa kitafungua shahada ya uzamili ya tiba ya vinasaba, na kwamba mashine ya kusomea vinasaba imekwisha kununuliwa. Siku ya uzinduzi mashine ilifunikwa kwa kitambaa cha rangi za taifa, bendi ya polisi ikapiga, umeme ukakatika, na mashine ikazinduliwa ikiwa imelala. Watu walipiga makofi vilevile, kwa kuwa mpiga makofi mkuu hakutumia umeme.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "zamani magonjwa yalitoka nje ya mtu. Yalitoka kwenye maji, kwenye mbu, kwenye hewa. Watu wakapata kisingizio cha kuilaumu Serikali, kwa sababu maji, mbu na hewa vina wizara zake. Sayansi mpya inatuonyesha kwamba ugonjwa anao mtu mwenyewe, ndani ya vinasaba vyake, alivyopewa na baba yake na mama yake bila kuishirikisha Serikali. Leo tumeingia zama mpya. Kila mwananchi atabeba msalaba wake mwilini."

Siwema alikuwa ameketi nyuma kabisa, kati ya wanafunzi wapya. Alikuwa ameomba nafasi akapata, kwa kuwa wenzake wengi walidhani vinasaba ni idara ya mambo ya mirathi. Hotuba ilimkera kidogo, lakini aliipuuza. Alijua kwamba elimu yenyewe ni ya kweli, hata kama imeletwa na mjinga. Alikuwa na watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ambao elimu hiyo ingewasaidia, na alikuwa na Kidani. Akasema moyoni, mkono uliokupa maji usiutazame kucha.

Tena alimpata mwalimu. Profesa Nuhu Lumambo alikuwa mzee mwembamba aliyesoma ng'ambo zamani, enzi ambazo mtu alirudi nyumbani kwa hiari yake. Alifundisha bila karatasi, akitembea huku na huko kama anayemtafuta mbuzi aliyekata kamba.

"Herufi nne tu, wanangu," aliwaambia. "Kwa herufi nne Mungu ameandika simba, akaandika mchicha, akaandika na waziri. Ukizisoma polepole utaona jinsi tofauti ilivyo ndogo. Msiwaambie watu hayo nje ya darasa."

Wanafunzi walicheka, naye akacheka. Siwema alimpenda kama baba. Nasema haya mapema ili msomaji ajue kilichokuja kumtia kichefuchefu ni nini hasa.

Ulipofika wakati wa kuandika tasnifu, wizara iliwapunguzia wanafunzi mzigo wa kufikiri kwa kuwagawia mada. Mwanafunzi mmoja alipewa "Kinasaba cha Uzalendo katika Koo za Viongozi". Mwingine akapewa "Kurithiwa kwa Tabia ya Kudai Nyongeza ya Mishahara miongoni mwa Walimu", naye, akiwa mtoto wa mwalimu, akaanza kwa kujichunguza mwenyewe. Siwema akapewa hii: "Kinasaba cha Uzito wa Ulimi na Uvivu wa Akili kwa Watoto wa Magoleni".

Alikwenda ofisini kwa Profesa Lumambo na kusimama bila kuketi.

"Profesa, mada hii imekwisha kujijibu yenyewe."

"Mada ni mlango tu, mwanangu. Ukishaingia chumbani, utazame unachotaka. Wanakupa damu, wanakupa mashine. Wangapi hapa nchini wamepewa hivyo?"

Siwema aliona maneno hayo yana hekima, na wakati ule huenda yalikuwa nayo. Akarudi Magoleni kuchukua damu za watoto. Afisa wa wizara aliyefuatana naye alimshangaa alipowaomba kina mama ruhusa, kwa kuwa damu, alisema, ni maliasili. Siwema aliwaomba hivyohivyo.

"Mnaitakia nini?" aliuliza Mama Kidani.

"Nataka kujua kinachomla mtoto."

"Ukijua, utamwambia nani?"

"Wewe kwanza. Wengine watafuata."

Mama Kidani akamshikilia binti yake mkono. Kidani hakulia. Aliitazama sindano ikiingia na kutoka, akapiga miayo.

Ili kulinganisha, Siwema alihitaji damu za watoto wazima. Wizara ikamletea za wanafunzi wa shule ya watoto wa viongozi, zikiwa kwenye sanduku lenye nembo ya taifa, ili pasitokee mchanganyiko wa hadhi. Akakaa na mashine yake, akiwahi umeme unapokuja, akizisoma zile herufi nne polepole kama alivyofundishwa. Alizisoma za Magoleni, akazisoma za watoto wa viongozi. Hakukuwa na tofauti ya maana. Na ingetoka wapi? Wakazi wa Magoleni walikuwa watu wa kila pembe ya nchi waliofuata kazi kiwandani; hawakuwa na babu mmoja, na hata salamu hawakusalimiana kwa namna moja.

Ndipo akapima kitu ambacho mada haikumtuma. Alipima risasi. Damu za watoto wa Magoleni zilikuwa zimejaa madini hayo, kiasi ambacho vitabu vyake vilikitaja kwa mifano ya wachimbaji waliokufa zamani. Akafuatilia familia chache zilizohama, akakuta watoto wao wameanza kupata nafuu. Akaambiwa pia kwamba mbuzi wanaolishwa kando ya kiwanda huanguka degedege. Na katika lile sanduku la watoto wa viongozi, mtoto mmoja alikuwa na risasi kama wa Magoleni kabisa.

Sampuli hazikuwa na majina. Akampelekea Profesa habari hiyo ili mzazi atafutwe mtoto atibiwe. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Niachie hilo," alisema. Na kweli alilishughulikia upesi. Zile damu za Magoleni hakuziulizia.

Siwema alikwenda Magoleni akamwambia Mama Kidani, kabla ya kumwambia mtu mwingine. Alimwambia kwamba mtoto hana kosa, ukoo hauna kosa, wala hakuna aliyeroga. Ni moshi, ni vumbi, ni ile mihogo inayokaangwa kando ya ukuta, ni udongo anaochezea. Mama Kidani alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua karai lake, akayamwaga mafuta moto kwenye mtaro, akajifunga kanga kiunoni, akaenda kukaa mbele ya lango la kiwanda. Kina mama wengine wakamfuata na watoto wao migongoni. Hawakupiga kelele. Walikaa tu, na malori ya betri yakashindwa kuingia.

Habari zikafika mjini kwamba damu za watoto wa Magoleni zimekutwa na risasi. Serikali ilichukua hatua za haraka. Ilipeleka polisi.

Polisi walizunguka Magoleni wakitafuta maganda ya risasi. Waliwavua watoto mashati, wakawageuza huku na huku, wakakagua migongo na vifua. Walipomaliza, kamanda wao alisimama mbele ya waandishi wa habari na kusema kwa utulivu:

"Tumewachunguza watoto wote. Hawana matundu. Napenda kuwahakikishia wananchi kwamba Serikali haijampiga mtoto yeyote risasi."

Mwandishi mmoja aliuliza kama si risasi ile ya madini inayosemwa.

"Risasi ni risasi," alijibu kamanda. "Na zote zilizotolewa ghalani tunazijua zilipo."

Siku hiyohiyo Waziri alisema redioni kwamba mtu anayedai nchi ya amani ina risasi ndani ya watoto anaichafua nchi, na kwamba mwenye akili atajiuliza silaha yenyewe imefichwa wapi. Kina mama wakaondolewa langoni kwa kosa la kuwaleta watoto mahali pa hatari kwa afya zao. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho Serikali kukiri kwamba mahali pale ni hatari, nayo haikujua kwamba imekiri.

Siku ya kutetea tasnifu ikafika. Ukumbi ulipambwa kwa maua ya plastiki, na kwenye meza ya watahini kulikuwa na sambusa. Mwenyekiti wa jopo alikuwa Waziri. Profesa Lumambo alikuwepo kama msimamizi. Sheria ya chuo ilitaka pia mtahini kutoka nje, na kwa kuwa Bwana Sururu Mapande alikuwa akiishi nje ya chuo, aliteuliwa yeye.

Siwema alimkuta Bwana Sururu kwenye baraza, amesimama peke yake. Alionekana hajalala vizuri. Alimsogelea akamsemesha kwa ile sauti yake ya chini.

"Daktari. Yule mtoto mmoja katika zile damu za shule. Ni kitinda mimba wangu. Hupenda kunifuata kiwandani, anachezea vile vibonge vya risasi. Atapona?"

"Akikaa mbali na kiwanda na akipewa dawa, atapona."

"Nimempeleka ng'ambo. Wamempa dawa. Jana kwenye simu alinitajia jina la paka wake." Macho yake yalikuwa na maji. "Mungu akubariki."

"Basi unajua kwamba niliyoyaandika ni kweli," alisema Siwema. "Dawa hiyohiyo inahitajika Magoleni. Na kiwanda kizimwe."

Bwana Sururu alijifuta macho kwa leso, akaikunja vizuri, akairudisha mfukoni.

"Huku nje mimi ni mzazi, daktari," alisema. "Humo ndani ni mtahini."

Akamfungulia mlango, akampisha atangulie, kama muungwana.

Siwema alieleza utafiti wake wote. Waziri alikula sambusa akisikiliza, na alipomaliza akapangusa vidole.

"Unasema mbuzi wa Magoleni nao huanguka degedege."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Umechunguza kama mbuzi hao wana undugu wa damu na wakazi?"

"La, sikuchunguza."

"Basi utafiti una pengo," alisema Waziri, na jopo likaandika. "Unasema pia waliohama wanapata nafuu."

"Ndiyo. Kinasaba hakibaki nyuma mtu akihama, Mheshimiwa. Kingekuwa ni kinasaba, wangehama nacho."

"Labda kinapenda kwao," alisema Waziri. Watu walicheka. Bwana Sururu naye alicheka, na kicheko chake hakikuwa cha kulazimishwa. Hilo Siwema alilitazama vizuri, kwa sababu hakutaka baadaye ajidanganye kwamba aliona vingine. Kisha mtahini wa nje akauliza, kwa upole, iwapo mwanafunzi ana ushahidi wowote wa mtoto aliyepona kwa dawa.

Siwema alimtazama. "Unao wewe," alisema.

"Swali huulizwa na mtahini," alisema Waziri. "Na jibu halielekezwi kwa aliyeuliza."

Jopo lilikwenda chemba, likarudi, na Waziri akatangaza kwamba tasnifu imefaulu kwa daraja la juu kabisa. Ilikuwa imekwisha kupigwa chapa. Profesa Lumambo aliileta mwenyewe, jalada la kijani, maandishi ya dhahabu, jina la Siwema Lukindo likimetameta. Siwema akafungua sura ya mwisho. Takwimu zake zilikuwa zimeondolewa. Mahali pake paliandikwa, kwa Kiswahili safi kilichotulia ambacho alikifahamu toka darasani, kwamba watoto wa Magoleni wamerithi udhaifu wa ubongo kutoka kwa wazazi wao, na kwamba udhaifu huo hauna uhusiano na shughuli zozote za kiuchumi.

"Umeandika wewe, Profesa," alisema.

"Nimekusaidia kumalizia, mwanangu."

"Unayaamini?"

Mzee alitazama sambusa. "Nimebakiza muda mfupi nistaafu," alisema. "Wewe una maisha yote ya kuandika ukweli. Anza na shahada."

Kichefuchefu kilimpanda Siwema hapo hapo, kichefuchefu cha kweli, si cha mfano. Alikuwa ameona usaha, ameona funza, ameshika matapishi ya watoto kwa mikono mitupu, na hakuna kilichowahi kumpindua tumbo kuliko yale maandishi mazuri. Alilirudisha kabrasha mezani.

"Hii si yangu. Futeni jina langu."

"Jina ni la mtahiniwa, lakini shahada ni ya taifa," alisema Waziri. "Huwezi kuikataa. Utatunukiwa."

Akatunukiwa. Siku ya mahafali jina lake lilisomwa uwanjani, na kwa kuwa hakufika, Waziri alimpokelea, akavaa na joho lake kwa ajili ya picha.

Siku hiyo Siwema alikuwa akipanda mlima ulio upande ambao upepo wa kiwanda haufiki, yeye na Mama Kidani na baadhi ya kina mama, wakiwapeleka watoto kwa ndugu na marafiki waliokubali kuwapokea. Si wote waliokubali kuhama, na si wote waliokuwa na pa kwenda. Dawa aliyoiomba haikuja. Kule mlimani degedege la Kidani lilipungua, likakoma. Alianza kuitika akiitwa. Nyimbo hazikurudi. Mama yake alimwimbia kila siku akiosha vyombo, polepole, akisimama mahali ambapo mtoto alikuwa akidakia zamani, na baada ya kusubiri kidogo alidakia mwenyewe.

Nyumba zilizoachwa Magoleni hazikukaa tupu. Bwana Sururu alikuwa ameongeza tanuru, akahitaji watu. Siwema alipoteremka kuwaona wagonjwa wake waliobaki, alikuta mlango wa iliyokuwa nyumba ya Mama Kidani uko wazi. Mwanamke kijana, jina lake Mwamvua, alikuwa akifungua mizigo, na mtoto mchanga amemfunga mgongoni.

Walisalimiana. Siwema akamwambia yeye ndiye daktari wa hapa, akaanza kumweleza habari za moshi.

"Nimezisikia, dada," alisema Mwamvua kwa adabu. "Tulipoandikishwa kazi tuliuliza kwa nini wenyewe walihama. Tukasomewa kitabu. Watu wa hapa ugonjwa ni wao wa kuzaliwa, uko kwenye ukoo. Sisi ukoo wetu ni wazima, hatuna kifafa wala nini. Kaandika daktari mmoja bingwa. Siwema Lukindo."

"Siwema Lukindo ni mimi."

Mwamvua alimtazama viatu vilivyojaa vumbi, akamtazama na kapu lake la dawa, akatabasamu ili asimvunjie heshima.

"Yule nimeona picha yake ya mahafali, dada," alisema. "Ni mwanamume mnene."

Akachukua ufagio, akainama kufagia kizingiti. Vumbi jeupe likainuka, likamzunguka, likatua juu ya kichwa cha mtoto.

Siwema akaweka kapu chini. Akamshika mkono ule wenye ufagio, si kwa nguvu.

"Usifagie kukavu," alisema. "Yako wapi maji ya kunyunyiza?"

"Maji yenyewe ndoo moja, dada."

"Lete hiyohiyo. Mtoto mpe mtu amtoe nje. Halafu keti, nianze upya."